Tanaka, Ozawa au Mori: umsome nani ukitaka kuijua siasa ya Japani?

Mtu anayetaka kuielewa siasa ya Japani kwa kumfuata mkongwe mmoja, iwe kwa tasnifu, makala ya gazeti au kipindi cha redio, huishia kwenye majina yale yale matatu. Yupo Tanaka Kakuei, mtoto wa kijijini aliyepanda hadi uwaziri mkuu akaangushwa na fedha. Yupo Ozawa Ichiro, mwanafunzi wake, aliyekitoa madarakani chama tawala cha LDP (Liberal Democratic Party) mara mbili na bado hakuwahi kuwa waziri mkuu. Na yupo Mori Yoshiro, ambaye mahakama haikumgusa, ulimi wake ndio uliomponza.

Siku moja inawakutanisha wote watatu: tarehe 27 Desemba 1969. Katika uchaguzi wa siku hiyo Ozawa, akiwa na miaka 27, na Mori, akiwa na miaka 32, waliingia bungeni kwa mara ya kwanza. Katibu Mkuu wa LDP aliyesimamia kampeni za chama alikuwa Tanaka.

Tuseme jibu mapema: kama una nafasi ya mmoja tu, mchukue Ozawa. Watu wengi humkimbilia Tanaka kwa sababu hadithi yake ni tamu na ina mwisho, na kwa kazi fulani wako sahihi, kama tutakavyoona. Ila Tanaka peke yake atakupa Japani iliyokoma mwaka 1993. Kanuni za uchaguzi na za fedha za vyama zinazotumika leo zina alama za vidole vya Ozawa, na huwezi kumweleza Ozawa bila kumpitia Tanaka. Ukimsoma mmoja umewasoma wawili.

| | Tanaka | Ozawa | Mori |
|---|---|---|---|
| Kuzaliwa | 1918 | 1942 | 1937 |
| Ngome | Niigata | Iwate | Ishikawa |
| Kuingia bungeni | 1947 | 1969 | 1969 |
| Cheo cha juu | Waziri Mkuu, Julai 1972 hadi Desemba 1974 | Katibu Mkuu wa LDP (1989–1991), kiongozi wa DPJ, yaani Democratic Party of Japan (2006–2009), kisha Katibu Mkuu wake (2009–2010) | Waziri Mkuu, Aprili 2000 hadi Aprili 2001 |
| Kashfa kuu | Lockheed, yeni milioni 500 | Ardhi ya Setagaya, yeni milioni 400 | Kauli zake. Ajali ya Ehime Maru |
| Mahakamani | Hatia katika ngazi mbili, akafariki rufaa ya mwisho haijaamuliwa | Hana hatia, ngazi mbili | Hakushtakiwa |

Wajapani huanza na jina la ukoo, nasi tumefuata hivyo. Tanaka, Ozawa na Mori ndiyo majina ya ukoo. Ukikuta "Kakuei" mbele, ni mtu yuleyule.

Tanaka: lami, theluji na sanduku la katoni

Ukitaka kuona jinsi fedha inavyogeuzwa kuwa kura, hakuna mfano mzuri kuliko huu. Lakini usianzie kwenye hongo ya Lockheed. Anzia kwenye petroli.

Mwaka 1953 Tanaka, akiwa mbunge wa kawaida tu, alipitisha sheria iliyoelekeza mapato ya kodi ya petroli kwenye ujenzi wa barabara. Kodi hiyo haikuwa ikigombaniwa na wizara nyingine. Ilikuwa na njia yake. Fuata mkondo: dereva ananunua petroli, kodi inaingia kwenye fungu la barabara, Wizara ya Ujenzi inapanga miradi, mbunge mwenye sauti anausukuma mradi kwao, zabuni inakwenda kwa kampuni ya ujenzi ya mkoani, kampuni inaajiri wakulima msimu wa theluji wanapokosa kazi shambani, na wakulima wale siku ya uchaguzi wanamkumbuka aliyewaletea kazi. Kila hatua hapo ni halali. Ndiyo maana kuuita mfumo wote "rushwa" ni uvivu wa kufikiri, na mwanafunzi anayefanya hivyo hupoteza alama kwa msomaji anayeijua Japani.

Kiungo kilichoshika mkondo huo kiliitwa Etsuzankai, chama cha wafuasi wa Tanaka mwenyewe, si tawi la LDP. Wajapani huviita vyama vya namna hii koenkai. Kilikuwa na wanachama zaidi ya 90,000 katika jimbo la Niigata namba 3, na kiliyapanga maombi ya vijiji: daraja hapa, shule pale, njia ya chini ya mlima kule. Kijiji cha Shiodani, chenye kaya 60 hivi, kilipata njia yake ya chini ya mlima ili wagonjwa wasibebwe mgongoni kwenye theluji. Treni ya kasi ya Joetsu, iliyofunguliwa mwaka 1982, inasimama Urasa, mji mdogo, na sanamu ya Tanaka imesimama nje ya kituo, mkono juu kama anayesalimia wapita njia.

Kwa nini koenkai na si chama? Hapa ndipo makala nyingi huteleza. Hadi uchaguzi wa 1993 majimbo mengi yalikuwa na viti 3 hadi 5, na mpiga kura alikuwa na kura moja. Niigata namba 3 lilikuwa na viti vitano. LDP ilisimamisha wagombea kadhaa katika jimbo hilohilo, kwa hiyo adui mkubwa wa mgombea wa LDP alikuwa mwenzake wa LDP. Sera ya chama haikumsaidia, maana wote walikuwa nayo. Kilichomtofautisha ni huduma na mfuko. Na mfuko ulijazwa na kiongozi wa kundi la ndani ya chama, naye akidai kura za wabunge wake siku ya kumchagua rais wa LDP, ambaye ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Kundi la Tanaka lilipofikia kilele lilikuwa na wabunge zaidi ya 100. Mkono mtupu haulambwi, na wa Tanaka haukuwa mtupu.

Sasa Lockheed. Kampuni hiyo ya Marekani ilitaka shirika la All Nippon Airways linunue ndege zake za TriStar. Wakala wake Japani alikuwa kampuni ya biashara ya Marubeni. Ndege zilichaguliwa mwaka 1972, na fedha zikafika baadaye, kwa mafungu manne kati ya Agosti 1973 na Machi 1974: yeni milioni 100, kisha 150, kisha 125, kisha 125. Stakabadhi hazikuandika fedha. Moja iliandika kwamba zimepokewa "karanga 100", nyingine zikataja "vipande". Karanga moja ilikuwa yeni milioni moja. Noti zilipakiwa kwenye masanduku ya katoni na kuhamishwa kutoka gari hadi gari, mara ya kwanza kwenye barabara ya nyuma ya ubalozi wa Uingereza jijini Tokyo, mara nyingine kwenye maegesho ya Hotel Okura. Waziri mkuu aliyepo madarakani, katoni, buti ya gari. Picha hiyo imebaki vichwani mwa Wajapani kuliko kifungu chochote cha sheria.

Kilichomwondoa madarakani si Lockheed, na hili hukosewa mara nyingi sana. Alijiuzulu mwishoni mwa 1974, baada ya jarida moja kuchapisha uchunguzi wa mali zake na viwanja vyake, huku bei zikiwa zimepanda mno kufuatia msukosuko wa mafuta wa 1973. Lockheed ilifumuka Februari 1976 kwenye kamati ndogo ya Seneti ya Marekani, Tanaka akiwa mbunge wa kawaida. Alikamatwa tarehe 27 Julai 1976, kwanza kwa kuvunja sheria ya fedha za kigeni. Shtaka la hongo likafuata Agosti. Aliachiwa kwa dhamana ya yeni milioni 200.

Kesi ilichukua miaka saba. Mwaka 1981 aliyekuwa mke wa katibu wake alitoa ushahidi kwamba mumewe alikiri kuzipokea fedha, akajifananisha na nyuki anayeuma mara moja na kufa. Tarehe 12 Oktoba 1983 mahakama ya wilaya ya Tokyo ilimhukumu kifungo cha miaka minne na kulipa yeni milioni 500, sawa na hongo yenyewe. Miezi miwili baadaye wapiga kura wa Niigata wakamrudisha bungeni kwa kura 220,761, karibu nusu ya kura zote katika jimbo la viti vitano, ambako sehemu ndogo tu ya hizo ingemtosha.

Tangu alipokamatwa alikuwa nje ya LDP, mbunge huru kwa jina. Hata hivyo Ohira alipoingia uwaziri mkuu 1978, Suzuki 1980 na Nakasone 1982, wote walipita kwa baraka za kundi lake. Magazeti yaliiita serikali ya mwisho "Tanakasone".

Kosa la kuepuka: usiandike kwamba Tanaka alitumikia kifungo. Hakukitumikia. Mahakama ya juu ya Tokyo iliithibitisha hukumu mwaka 1987, akakata tena rufaa, akafariki tarehe 16 Desemba 1993 kabla Mahakama Kuu Kabisa haijaamua. Kwake kesi ikaishia hapo. Usiandike vilevile kwamba "alisafishwa". Mwaka 1995 mahakama hiyo iliukataa ushahidi wa maofisa wa Lockheed uliochukuliwa Marekani kwa ahadi ya kutoshtakiwa, lakini ikaithibitisha hatia ya washtakiwa wenzake kwa ushahidi mwingine. Wapo wanaotaja nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kunyamazia ya pili.

Udhaifu wa Tanaka kama somo ni kwamba amekwisha kufanywa hekaya. Kila kitu juu yake kimesemwa mara mia, na nusu ya misemo anayopachikwa haina chanzo. Ukimchagua, shikilia hukumu na takwimu za kura. Hadithi za ukarimu wa bahasha ziache zipite.

Ozawa: fundi wa kanuni aliyeng'atwa na kanuni

Ozawa alirithi jimbo la babake huko Iwate na akalelewa kisiasa na Tanaka, ambaye alikuwa amefiwa na mwanawe wa kiume aliyezaliwa mwaka uleule wa 1942. Inajulikana kwamba aliketi mahakamani vikao vyote vya kesi ya mwalimu wake. Hata hivyo Februari 1985 alikuwa miongoni mwa waliojiunga na Takeshita Noboru, mmoja wa wakubwa wa kundi la Tanaka, kuanzisha kundi ndani ya kundi hilo. Wiki chache baadaye Tanaka akapigwa na kiharusi na asirudi tena. Mwenye kutaka kumwonyesha Ozawa kama mtiifu ana ushahidi, na mwenye kutaka kumwonyesha kama msaliti ana ushahidi pia. Ndiyo sababu mojawapo ya kumpenda kama somo.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 47, akawa Katibu Mkuu wa LDP. Oktoba 1991 wagombea watatu wa uwaziri mkuu walikwenda ofisini kwake kuhojiwa, mmojawao Miyazawa Kiichi wa miaka 72, akihojiwa na mtu wa 49. Jambo hilo lilimpa sifa ya kiburi ambayo haikumtoka tena.

Kisha akageuka. Juni 1993 aliongoza kundi lake kupiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Miyazawa, akatoka LDP, na Agosti mwaka huohuo muungano wa vyama vidogo ukaunda serikali ya Hosokawa. LDP, iliyotawala mfululizo tangu ilipoundwa 1955, ikawa upinzani. Matunda ya serikali ile fupi ndiyo yanayomfanya Ozawa awe wa lazima: mageuzi ya 1994. Majimbo ya viti vingi yakafutwa. Badala yake viti 300 vya jimbo la mbunge mmoja na 200 vya uwiano. Leo ni 289 na 176. Pamoja nayo ikaja ruzuku ya vyama kutoka hazina, inayokokotolewa kwa yeni 250 kwa kila mkaaji wa nchi, ambayo jumla yake huzidi yeni bilioni 30 kwa mwaka. Wakomunisti hawaichukui kwa msimamo. Lengo lilikuwa kuua ule mfumo wa Tanaka: mbunge asishindane na mwenzake wa chama kimoja, wala asimtegemee bwana wa kundi kwa fedha.

Tazama jinsi kanuni ile ilivyomrudia fundi wake. Ili kikundi kihesabike kuwa chama na kupata ruzuku, kinahitaji wabunge watano, au angalau asilimia 2 ya kura za kitaifa pamoja na mbunge mmoja. Hesabu huchukuliwa tarehe 1 Januari. Ndiyo maana vyama vya Japani huzaliwa na kufa Desemba, kama watu wanaokimbizana na kufungwa kwa mahesabu. Shinshinto, chama kikubwa alichokiongoza Ozawa, kilivunjwa Desemba 1997, na Januari 1998 akawa na chama kipya cha Liberal. Kisha Desemba 2014: chama chake kilitoka kwenye uchaguzi na wabunge wanne tu, wawili kila baraza. Mmoja pungufu. Tarehe 26 Desemba akajiunga Yamamoto Taro, mwigizaji wa zamani aliyekuwa mbunge huru, na chama kikachukua jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Chama cha Maisha pamoja na Yamamoto Taro na Wenzake". Watu walicheka. Aliyekuwa akiangalia kalenda hakucheka. Siku sita baadaye ilikuwa Januari mosi.

Vyama vyake ndivyo vinavyowachanganya waandishi wageni. Chora jedwali kabla ya kuandika neno lolote: LDP hadi 1993, Shinseito 1993, Shinshinto 1994, Liberal 1998, DPJ 2003, Kwanza Maisha ya Wananchi Julai 2012, Chama cha Kesho Novemba 2012, kisha Chama cha Maisha, kikaitwa Liberal tena 2016, halafu akaingia DPFP 2019 na CDP 2020. Angalia: kuna Liberal mbili, na ya kwanza ilikuwa serikalini pamoja na LDP ileile mwaka 1999 hadi 2000.

Akiwa DPJ ndipo alipoonyesha alichojifunza Niigata. Julai 2007 chama chake kilipata viti 60 katika uchaguzi wa Baraza la Madiwani, ambalo ndilo baraza la juu la Bunge, dhidi ya 37 vya LDP, kwa kuzunguka vijijini majimbo ya kiti kimoja kimoja ambayo LDP iliyachukulia kuwa shamba lake. Na kwa nguvu ya baraza hilo akaufunga mkondo wa mwalimu wake. Kiwango cha ziada cha kodi ya petroli, kilichoanza mwaka 1974 chini ya serikali ya Tanaka kwa ajili ya barabara, kilikuwa kikihuishwa kila baada ya miaka kadhaa. DPJ ikagoma. Tarehe 1 Aprili 2008 kikaisha muda wake, na bei ikashuka kwa yeni 25.1 kwa lita. Madereva wakapanga foleni vituoni. Mwezi mmoja baadaye Baraza la Wawakilishi, yaani baraza la chini, likakirudisha kwa theluthi mbili ya kura. Mtu anayetafuta tukio moja la kufungulia makala juu ya Tanaka na Ozawa, ni hilo.

Agosti 2009 DPJ ilishinda viti 308 kati ya 480. Ozawa hakuwa kiongozi tena. Alikuwa ameachia Mei, baada ya katibu wake kukamatwa Machi kwa michango iliyotoka kampuni ya ujenzi ya Nishimatsu. Uwaziri mkuu ukaenda kwa Hatoyama.

Kesi yake ya ardhi inahitaji kusomwa polepole, maana hakuna katoni wala karanga. Ni tarehe na daftari. Mwezi Oktoba 2004 Rikuzankai, taasisi yake ya kusimamia fedha za siasa, ilinunua kiwanja huko Setagaya, Tokyo, kwa takriban yeni milioni 340 na gharama zake. Ozawa alitoa yeni milioni 400 taslimu. Siku ya malipo, tarehe 29, ikawekwa pia amana ya benki ya milioni 400, na kwa dhamana ya amana hiyo ukachukuliwa mkopo wa milioni 400. Kwa nini mtu mwenye fedha mkononi akope kiasi kilekile? Hilo ndilo swali la kesi nzima. Waendesha mashtaka walisema ni pazia la kuficha fedha taslimu zilikotoka. Tena taarifa ya fedha ya mwaka 2004 haikuonyesha ununuzi. Uliandikwa kwenye ya 2005.

Januari 2010 wasaidizi wake watatu, wa sasa na wa zamani, walikamatwa, mmoja akiwa tayari mbunge. Ozawa mwenyewe waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki. Hapo ikaingia kamati ya raia 11 wanaopatikana kwa bahati nasibu katika orodha ya wapiga kura. Kamati hii ikiamua mara mbili, kwa kura zisizopungua 8, kwamba mtu ashtakiwe, lazima ashtakiwe, na mawakili huteuliwa kuwa waendesha mashtaka. Iliamua mara mbili. Ozawa alifikishwa mahakamani 2011, na tarehe 26 Aprili 2012 akaonekana hana hatia. Novemba mahakama ya juu ikasema hivyohivyo.

Lakini soma sababu, si jibu tu. Mahakama ilikubali kwamba taarifa zilikuwa na uongo na kwamba Ozawa alizipitisha. Ilichokosa ni uthibitisho kwamba alijua kuwa ni lazima ziandikwe tofauti. Wasaidizi watatu walikuwa tayari wamehukumiwa Septemba 2011, vifungo vilivyoahirishwa. Upande wa pili nao ulikuwa na aibu yake: mmoja wa wasaidizi aliingia kuhojiwa na kinasa sauti kilichofichwa, na sauti ikaonyesha kwamba mwendesha mashtaka aliandika katika ripoti yake mambo ambayo hayakusemwa chumbani. Ripoti hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizowafikia raia wale 11.

Kwa mwalimu wa sheria au wa utawala bora, kesi hii ina utajiri kuliko Lockheed, kwa sababu hakuna upande uliotoka msafi na wanafunzi watabishana kweli. Kwa redio ya dakika kumi ni mzigo: utatumia dakika nne kueleza mkopo.

Yaliyofuata ni kushuka. Juni 2012 alipinga kupandishwa kwa kodi ya matumizi, akatoka DPJ na wabunge karibu 50. Desemba chama alichojiunga nacho kikatoka viti 61 hadi 9. Mwaka 2021 alipoteza jimbo lake la Iwate kwa mara ya kwanza na kurudi kupitia viti vya uwiano, mlango wa nyuma uliomo katika kanuni za 1994. Oktoba 2024 alilichukua tena jimbo lenyewe, ushindi wake wa 19.

Mori: wa makala fupi

Mori tutampitia haraka, kwa kuwa mambo yake hayana fumbo. Alipata uwaziri mkuu Aprili 2000, aliyekuwa waziri mkuu, Obuchi, alipopigwa na kiharusi; wakubwa watano wa LDP, yeye akiwemo, walikubaliana kwenye chumba cha hoteli. Tangu mwanzo serikali yake ikaonekana imezaliwa gizani. Tarehe 15 Mei 2000 alisema Japani ni nchi ya miungu, mfalme wake akiwa katikati. Katiba ya baada ya vita inatenga dini na dola, kwa hiyo kauli hiyo haikuwa kuteleza kudogo. Mwezi uliofuata, kabla ya uchaguzi, akasema ingekuwa vizuri wapiga kura wasio na chama wabaki wamelala. Februari 2001 manowari ya Marekani iliigonga meli ya mafunzo Ehime Maru karibu na Hawaii, watu tisa wakafa, wanne kati yao wanafunzi. Habari zilimkuta Mori kwenye gofu, naye akaendelea kucheza. Aprili akaondoka, akiwa na uungwaji mkono ambao kura kadhaa za maoni ziliuweka chini ya asilimia 10.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo ambalo wenzake hawana: Januari 2001 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani kuzuru Afrika kusini mwa Sahara akiwa madarakani, akapita Afrika Kusini, Kenya na Nigeria. Anayeandika juu ya Japani na Afrika amchukue Mori bila kusita.

Wasimdharau wanaomwona mzee wa vichekesho. Mawaziri wakuu Koizumi, Abe na Fukuda Yasuo wote walitoka katika kundi lake. Aliongoza kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo tangu 2014 hadi Februari 2021, alipojiuzulu baada ya kusema kwamba vikao vyenye wanawake wengi huchukua muda mrefu. Na kundi lile ndilo lililokutwa, katika kashfa iliyofumuka mwishoni mwa 2023, na takriban yeni milioni 675 za mauzo ya tiketi za hafla za kuchangisha fedha ambazo hazikuandikwa kwenye taarifa za miaka mitano. Mori hakushtakiwa, lipo tu swali la nani aliuanzisha utaratibu ule.

Kabla hujaamua

Lugha itakuamulia mambo mengi. Kumbukumbu za Bunge tangu 1947 zinapatikana bure mtandaoni na hutafutika kwa neno, ila kwa Kijapani. Asiyesoma Kijapani atampata Tanaka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa Lockheed ina nyaraka za Seneti ya Marekani. Taarifa za fedha za siasa hutolewa kwa umma karibu Novemba ya mwaka unaofuata, na sheria huzihitaji ziwe wazi kwa miaka mitatu tu. Kwa hiyo daftari za Ozawa za 2004 hutazipata kwa njia hiyo; utategemea hukumu.

Kagua tarakimu zote mara mbili. Kijapani huhesabu kwa elfu kumi na kwa milioni mia, oku. "Oku 5" ni yeni milioni 500. Tafsiri za haraka huifanya bilioni 5, na hapo hongo ya Tanaka inakua mara kumi bila yeye kuongeza karanga hata moja.

Kazi ya wiki mbili, maneno 800: Mori. Kazi ya muhula mmoja, yenye mwanzo na mwisho na ushahidi uliokwisha kupimwa na mahakama: Tanaka, na uanze Oktoba 1983, kati ya hukumu na kura 220,761, ndipo urudi nyuma kwenye petroli. Tasnifu, au kozi ya kufundisha miaka mitatu mfululizo: Ozawa, na ukurasa wa kwanza uwe lile jedwali la vyama, likiwa na safu moja ya tarehe na safu moja ya idadi ya wabunge kila ilipofika Januari mosi.